Miti ya Mapambo

Mjini Bukoba bado wanamwita Mheshimiwa, ingawa ubunge wenyewe umekwisha. Mimi nitamwita Wakili, kwa kuwa nilimjua kabla hajaanza kuheshimiwa, nilipokuwa nachapa hati zake katika ofisi ya ghorofani pale Bilele. Nilichapa miaka tisa. Najua alivyotia saini, alivyopiga chafya na alivyodanganya. Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza, maana alivieleza mwenyewe kwenye kampeni mpaka watoto wa shule wakavikariri. Nasema mapema kwamba simpendi, ili msomaji asije akadhani nilimvizia.

Nianze na joho. Mawakili wengine hulivaa mahakamani na kulivua huko huko. Yeye alitoka nalo, akapita nalo sokoni, akachagua nyanya nalo, akapanda nalo ngazi za ofisi polepole ili walioko barabarani wamwone mpaka kisigino cha mwisho. Chini yetu palikuwa na fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani, mtu wa maneno machache yenye meno. Kila Wakili alipopita mzee huyo alimwamkia kwa adabu zote, kisha akanigeukia mimi. "Binti yangu," aliniambia siku moja, "huyo akifa itabidi wamzike nalo. Akilivua malaika hawatamtambua."

Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa neno moja, nshomile, yaani nimesoma. Wengi wetu tunacheka tu. Wakili hakucheka, aliupokea utani ule kama cheo. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na rafu ya vitabu vya sheria vyenye majalada mekundu, na mteja alipoingia Wakili alikuwa daima amekifungua kimoja, akainua kidole kumwambia asubiri, akaendelea kusoma. Niliyepangusa vumbi ni mimi. Katika safu ya juu, kitabu cha nne kilikuwa kitabu cha nyimbo za kanisani, kimejalidiwa kwa karatasi nyekundu ili safu itimie. Sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Leo nawaambia wote.

Kanisani nako tulikuwa wote, maana sisi ni Walutheri kama yeye. Alifika baada ya wimbo wa pili, asije akakosa macho ya kumsindikiza, akaketi benchi la mbele na kuimba besi. Besi yake ilikuwa nzuri. Nalisema hili kwa shida.

Hakuwahi kuandika hati kwa mkono wake. Alisimama dirishani, akatazama ziwa, akanisomea imla, na alama zote za uandishi alizitamka: mkato, nukta, aya mpya. Tabia hiyo ilimwingia mpaka akawa anazungumza hivyo na watu. Kuna mzee mmoja wa Rubafu alikuja na kesi ya ng'ombe na pakiti ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Wakili aliwala senene wote akimsikiliza, mmoja mmoja, kisha akamwambia: "Nenda nyumbani mkato, usizungumze na mtu nukta." Mzee alishuka nusu ya ngazi, akarudi kwenye meza yangu akiwa na hofu usoni.

"Waitu," akaninong'oneza kwa neno letu la heshima, "huyo mtu Nukta ni nani, nisije nikazungumza naye?"

Niliposimulia, fundi alicheka mpaka akadungwa na sindano. Wakili hakucheka. Aliniuliza tu kama mzee ameacha anwani.

Lakini kazi aliijua, nisimnyime. Mimi niliingia pale nikichapa kwa vidole viwili, na ni yeye aliyenifundisha kutumia vyote kumi. Alinifundisha tofauti ya "na" na "au" katika mkataba, akinionyesha jinsi neno dogo linavyoweza kumtoa mtu kwenye nyumba yake. Na kila hati ilipokamilika alinirudishia akisema maneno yale yale: "Isome kama adui." Maana yake, usiisome kama rafiki wa mteja, anayejua alichokusudia. Isome kama yule wa upande wa pili, anayetafuta tundu la kuingilia. Mara nyingi alilipata tundu kabla sijafika mstari wa pili, akaliziba kwa neno moja. Riziki ninayoila leo imetoka katika somo hilo. Ndilo linalofanya nishindwe kumsamehe, kwa sababu mtu aliyesoma kila hati kama adui hawezi kuniambia kwamba moja ilimpita.

Hati yenyewe ilikuwa ya mama yangu.

Kibanja chetu kiko Muleba, migomba na kahawa na nyumba katikati kama vibanja vyote. Upande wa chini tulipakana na mnunuzi wa kahawa mwenye malori. Mpaka ulikuwa safu ya emiramura. Asiyetoka kwetu aelewe hivi: omuramura, ndio umoja wake, ni mmea mrefu wa majani membamba, usiokufa kwa jua wala kwa kukatwa, na wazee wetu hawakuupanda mahali popote isipokuwa mpakani. Jina lake limetoka katika neno letu la kuamua. Ni mmea mwamuzi. Mtoto wa Kihaya hujua kwamba ukiuona umefika mwisho wa kwenu, hata kabla hajajua kuhesabu. Aliyeng'oa omuramura zamani hakuitwa mwizi, aliitwa jina baya kuliko hilo.

Mnunuzi wa kahawa alipima upya, akaweka bikoni za zege ndani ya kwetu, upande wa juu wa emiramura. Ukanda alioukata haukuwa mpana. Migomba ilikuwa michache. Lakini baba yangu alizikwa mle. Mama aliposikia hakupiga kelele. Alipanda gari asubuhi, akaja Bilele na kitenge chake cha kanisani, akaketi mbele ya Wakili kwenye kiti cha wateja.

"Waitu, sitaki shamba," alimwambia. "Migomba aichukue. Ninachotaka ni pale alipolala mwenzangu, na mimi siku yangu ikifika nilale pembeni yake. Hicho tu."

Wakili alimkaribisha kahawa ya kutafuna. Alikuwa nayo kwenye kopo mezani, buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa desturi yetu, lakini yeye mwenyewe hakuitia kinywani kamwe kwa kuogopa meno kubadilika rangi. Alimshika mama mikono yote miwili. "Mama," akasema, "kesi hii ni nyepesi. Emiramura itasema yenyewe."

Siku zile hati za baraza la ardhi ziliandikwa kwa Kiingereza. Alisimama dirishani kama kawaida. Tulipofika kwenye mpaka akanitajia maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: safu ya miti ya mapambo.

Vidole vyangu vilisimama. "Wakili, ile siyo mapambo. Ni omuramura."

"Kiingereza hakina neno lake."

"Basi tuandike omuramura, halafu tueleze."

"Mwanangu, baraza si jikoni kwa bibi. Andika nilivyosema mkato, aya mpya."

Nikaandika. Nimelizungusha jambo hili miaka yote, na kila nikizunguka narudi hapo hapo: vidole vilikuwa vyangu. Nilijua. Nilikuwa binti wa marehemu na mpiga chapa wa wakili kwa wakati mmoja, na nilichagua kuwa mpiga chapa. Hasira yangu kwake ina sehemu yangu ndani, na labda ndiyo sababu haipoi.

Siku ya shauri mwenyekiti alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mstaarabu, mwenye kusoma kila ukurasa. Wakili wa mnunuzi alisimama na hati yetu mkononi. Alisema mdai mwenyewe ameandika kwamba ile ni miti ya mapambo, na mapambo mtu hupanda apendapo, hata katikati ya shamba lake, kwa hiyo hayawezi kuwa mpaka. Wazee wawili wa baraza walikuwa Wahaya. Mmoja alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Mama hakujua Kiswahili cha kutosha, akasimama akasema kwa Kihaya kwamba omuramura si ua. Karani aliyekuwa anatafsiri, kijana wa mjini, alibabaika, akamwangalia mwenyekiti na kusema: "Anasema hayo maua si maua."

Watu walicheka. Mama alitazama huku na huku akitafuta kilichochekesha.

Angeweza kusimama. Mara ngapi nilimwona akisimama, joho likipepea, akiomba ruhusa ya kurekebisha hati kwa kosa dogo la tarehe? Siku ile aliketi akipanga karatasi zake, pembe kwa pembe. Mwenyekiti alisema mtu hufungwa na alichokiandika, na hilo ni kweli kwa sheria, Wakili mwenyewe alikuwa amenifundisha. Bikoni zikawa mpaka. Wakili akamwambia mama kwamba tutakata rufaa. Siku za kukata rufaa zikaja zikapita, maana alikuwa safarini vijijini akitafuta wajumbe wa kumpitisha kugombea.

Kampeni ilipoanza, vijana wake walibebwa kwa malori. Malori yenyewe nayajua, yananukia kahawa mbichi hata yakioshwa. Sina ushahidi kwamba palikuwa na mapatano. Huenda kweli aliona haya kuandika neno la Kihaya mbele ya mwenyekiti mgeni, asionekane mshamba. Usiku mwingine naamini hivi, usiku mwingine vile. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba asiye na ushahidi asishtaki, ndiyo maana naandika sura ya mtu, siandiki mashtaka.

Niliacha kazi mwezi ule ule alipoapishwa. Aliniaga vizuri, akanipa ile mashine kuukuu ya chapa kuwa zawadi. Niliipokea. Ninayo mpaka leo, na siitumii.

Bungeni hakuwa bubu kama wengine. Alisimama akauliza kuhusu mnyauko wa migomba, swali refu lililopangika, lenye majina ya ndizi zetu moja baada ya jingine, na redio zote za Bilele zilikuwa wazi. Hata fundi alisimamisha cherehani. Bila kutaka nilijikuta natabasamu. Wakati huo huo nikawaza: kumbe majina ya Kihaya anaweza kuyatamka mbele ya wageni, tena bila haya, ikiwa nchi nzima inamsikiliza. Tabasamu likaniishia mdomoni.

Kazi yake kubwa jimboni ilikuwa misiba. Hakukosa mazishi. Alifika gari likiwa limewashwa taa mchana, dereva akashuka kwanza kuuliza jina la marehemu, akaliandika kwenye kipande cha karatasi. Wakili alisema kabla ya kuzika, akaondoka kabla ya kula. Kuna siku dereva aliuliza getini, na mwenye mji, mzee mwenye masikio mazito, akadhani anaulizwa jina lake, akalitaja. Wakili akasimama mbele ya jeneza la mke wa mzee yule, akamsifu mzee mwenyewe kwa robo saa, jinsi alivyokuwa nguzo ya kanisa na jinsi tutakavyomkosa. Mzee alikuwa ameketi mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mwisho mzee alimshika mkono akamshukuru, "Wakola waitu, sikujua kwamba mnanipenda hivi."

Najua hadithi hiyo inachekesha. Nimeisimulia mara nyingi kwa sababu hiyo. Lakini katika misiba yote aliyohudhuria, mmoja hakufika, na huo ndio ninaoukumbuka.

Mama alifariki katika kipindi chake cha pili. Aliugua kwa muda mfupi, akazungumza mpaka karibu na mwisho. Nilikwenda mwenyewe kwa mnunuzi wa kahawa, nikapiga magoti, nikamwomba atuache tumzike pembeni ya baba. Alikuwa mpole. Alisema angependa sana, ila akiruhusu kaburi moja kesho tutadai yaliyobaki, na mwanasheria wake amemkataza. Emiramura ilikuwa imeshang'olewa zamani. Tulimzika mama upande wetu, karibu kabisa na bikoni, karibu kadiri majembe yalivyoweza kufika bila kuvuka. Kaka yangu alipima kwa hatua kutoka pale mpaka kwa baba. Alipima mara mbili, kama ambaye angepata jibu jingine.

Salamu za Mheshimiwa zilisomwa na mtu mwingine. Jina la mama lilikuwa limekosewa.

Sasa nina duka langu la kuchapa na kutoa nakala, hapo hapo Bilele, milango mitatu kutoka kwenye ile ngazi. Fundi bado yupo, macho yamepungua nguvu, anashona kwa kupapasa. Wakili alishindwa kwenye kura za maoni mara ya mwisho. Vijana walisema hawamtaki mbunge anayewajua wakifa tu. Ofisi ya ghorofani ilishakodishwa kwa kinyozi.

Ilikuwa mchana wa mvua. Aliingia bila joho, na nakiri fundi alikuwa na haki, kwa dakika nzima sikumtambua. Alikuwa na mwavuli wenye ufito uliovunjika. Alitazama kompyuta, akatazama kiti.

"Mwanangu," akasema. "Una nafasi?"

"Karibu, Mheshimiwa. Duka ni la watu wote."

Alitaka hati ya madai. Mdogo wake, waliyechangia baba, alikuwa amesogeza mpaka wa kibanja chao kule Muleba na kuanza kujenga. Kaburi la mama yake, akasema, limebaki upande wa pili, na yule kijana hana hata adabu ya kulipalilia. Alikivuta kile kiti, akaketi. Zamani hakuwahi kuketi akinisomea imla. Siku hizi hati ni za Kiswahili, akaanza polepole, na mikato yake na nukta zake. Tukafika kwenye mpaka.

"Ambapo mpaka wa asili mkato, kama ulivyowekwa na marehemu baba mkato, ni safu ya emiramura..."

Niliondoa mikono kwenye vitufe. "Niandikeje hapo, Wakili? Miti ya mapambo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Sijui kama alikumbuka wakati ule ule. Nilimtazama usoni na sikuona kitu ila mtu mwenye haraka na shida yake.

"Hapana, hapana. Andika omuramura, hivyo hivyo kwa Kihaya. Halafu mkato, yaani mti wa mpaka, mkato. Mwenyekiti anaweza kuwa mgeni, hatajua. Lazima umweleze."

Maneno matatu. Mti wa mpaka. Aliyatoa mfukoni bila hata kufikiri, kama mtu anayetoa leso. Nikayachapa. Nilitamani kuandika mapambo, nisidanganye. Kidole kilikuwa tayari kwenye herufi. Lakini mle ndani kulikuwa na kaburi la mama wa mtu, na mimi najua hilo maana yake nini. Nikaitoa hati kwenye printa, bado ina joto, nikampa.

"Isome kama adui," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha kwamba nimelikumbuka somo lake. Akasoma, akaridhika, akatia saini ile ile ninayoijua. Alipokuwa anakunja karatasi akawa tena yule wa zamani, yule wa kushika mikono miwili.

"Na mama? Mama hajambo kule Muleba?"

"Yuko Muleba," nikasema. "Hatua nane kutoka kwa baba."

"Nane?" Alikunja uso, mkono wenye karatasi ukabaki hewani. "Kwa nini nane?"

Nilinyoosha mkono nikaikunjua ile hati mkononi mwake, nikaweka kidole kwenye yale maneno matatu, nikaacha kidole hapo. Aliinamisha miwani. Akayasoma tena kwa sauti ya chini, na safari hii hakusema mkato wala nukta.